Uso wa Signy Kwenye Kopo

Wakikwambia kiwanda cha Rosdahl kilijengwa kwa dagaa, usikubali. Dagaa walikuwa wa bahari, na bahari haina mwenyewe. Kiwanda kile kilijengwa kwa bati na mikono ya watu. Mimi nilikata bati pale Stavanger, mji wa bandari huko kaskazini kwenye baridi, tangu sijaota ndevu, na vidole vyangu viwili vilibaki kwenye mashine. Kwa hiyo nina haki ya kusimulia habari za Olene Tjelta, na nitazisimulia kama zilivyokuwa, si kama zilivyorukwa kwenye kitabu cha sherehe cha kiwanda, kilichojaa picha za mkurugenzi na kofia yake.

Olene alikuwa mjane, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Alifanya kazi chumba cha kufutia. Makopo yakishafungwa na kuchemshwa hutoka yamelowa mafuta. Wanawake huyasugua kwa vumbi la mbao mpaka yang'ae, ndipo yapangwe kwenye makasha. Mikono yao ilipasuka, chumvi ikaingia kwenye nyufa, na jioni ukipewa mkono na mmoja wao hujui umeshika kiganja au gome la mti.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Signy. Kiangazi kimoja mkurugenzi, Rosdahl mwenyewe, alitupeleka kisiwani kula biskuti na kumshukuru. Alikuja na mpiga picha. Signy alikuwa wa miaka saba hivi, ana pengo mbele, anacheka, upepo umemtupia nywele usoni. Picha ikapigwa. Kabla ya Krismasi uso ule ulikuwa juu ya vifuniko, umetiwa rangi, na chini yake maandishi ya dhahabu: Msichana wa Ghuba. Olene akapewa kasha la dagaa na kuambiwa ana bahati. Mtaa mzima tulifurahi. Maskini akipigwa picha hudhani ameheshimiwa.

Mabati yaliletwa mapana, yamechapwa nyuso safu kwa safu, Signy na Signy na Signy, nami nikizikata.

Baadaye mtoto alishikwa na kifua kikuu. Nyumba zetu zilikuwa za Rosdahl. Ukungu ulipanda ukutani mpaka kwenye mito ya kulalia. Alikufa Februari. Ardhi ilikuwa imeganda, wachimba kaburi wakawasha moto kwanza kuilainisha. Jumatatu honi ya kiwanda ikalia na Olene akaenda kazini, maana asiyekwenda hali. Akaketi kwenye benchi lake, akachota konzi ya vumbi la mbao, kopo la kwanza likafika mbele yake.

Akamfuta mwanawe uso. Likaja jingine. Akamfuta tena.

Tulikwenda pamoja kwa mkurugenzi, mimi nimeshika kofia mkononi kama mwombaji.

"Bwana mkurugenzi," alisema Olene, "naomba hiyo picha ibadilishwe. Au nihamishwe chumba."

"Vyumba vimejaa, mama. Halafu picha ile ni kumbukumbu. Wangapi hapa mtoto wao anajulikana mpaka Uingereza?"

"Na wangapi hapa wanaosha maiti kutwa nzima?"

Rosdahl akatazama dirishani. Akasema mafuta yanaganda huko chini, turudi kazini.

Nikaenda kwa katibu wa chama chetu cha wafanyakazi, Mathias Egeland. Huyu zamani alikuwa mchomelea makopo kama baba yangu. Tulipomchagua akapata kiti, kiti kikampa kitambi.

"Ndugu, hiyo si hoja," aliniambia. "Hoja ni mshahara. Nikipeleka habari ya picha watanicheka."

"Nani atakucheka? Hao wakubwa unaokunywa nao kahawa?"

"Ulimi wako utakufikisha pabaya."

"Umeshanifikisha. Si niko kwako?"

Walioamua mambo ni wanawake wa vumbi la mbao, ambao hakuna aliyewaomba rai. Kulikuwa na mmoja anaitwa Berta Aarsland, mwanamke wa mifupa mipana na mdomo usio na mlango. Asubuhi moja alichukua kopo, akaligeuza, akaanza kulisugua mgongo.

Nyapara akasimama juu yake. "Berta, uso uko upande wa pili."

"Macho yangu yameharibika, bwana. Siku hizi siujui uso wa kopo wala matako yake."

"Nitakuonyesha."

"Mwonyeshe kwanza mkeo, analalamika hapati kuonyeshwa kitu."

Wanawake wakainama juu ya benchi kwa kicheko, na wakiwa bado wanacheka kila mmoja akageuza kopo lake. Kuanzia siku ile makopo yote yalitoka migongo inang'aa kama kioo, na nyuso zimefunikwa mafuta na vumbi. Nyapara angemfukuza nani, na dagaa wanaingia kwa mashua kila alfajiri na mikono haitoshi? Shehena ikaenda Uingereza, ikarudishwa. Wenye maduka walisema hawanunui uchafu.

Rosdahl akakubali. Alikubali kama tajiri anavyokubali, yaani kwa kuadhibu. Mabati yote yenye picha yalipelekwa kwa chelezo na kuzamishwa katikati ya ghuba. Mawe ya kuchapia, yaliyochorwa uso ule, yakasuguliwa mpaka ukafutika. Kifuniko kipya kilipokuja kilikuwa na mjukuu wake mwenyewe, mashavu kama tufaha, mapafu mazima.

Sisi mtaani tukaona tumeshinda. Huko kwetu kopo halitupwi: hutiwa vifungo, misumari, vipande vya sabuni, mbegu za karoti. Kila nyumba ilikuwa na Signy dirishani. Tukaambiana, tusimtese mama wa watu. Jumapili moja baada ya kanisa tuliyakusanya yote kwenye ndoo, tukashuka gatini, tukayamwaga majini. Olene alisimama nasi. Alitupa ya kwake kwa mkono wake, akatushukuru, akatupikia kahawa.

Vuli ilipoingia aligonga ukuta wangu.

"Jirani," alisema, "pengo la Signy lilikuwa kulia au kushoto?"

Nikafikiri. "Kushoto."

"Berta anasema kulia."

Hapo ndipo tulipoelewa. Picha nyingine haikuwapo. Nani kati yetu alikuwa na pesa za mpiga picha? Olene alikwenda kwa Rosdahl kuomba ile ya kwanza. Karani akamjibu mlangoni kwamba kioo kilichonasa picha ile kilikwishafutwa kitumike tena. Tukatafuta mtaa mzima, darini, kwenye mabanda ya kuku, chini ya sakafu. Tulikuwa tumefanya kazi yetu vizuri mno. Berta alishuka gatini na reki wakati wa maji kupwa. Alipata kutu tu.

Mwishowe nilimwandikia dada yangu, aliyeolewa shambani milimani. Alikuwa na moja, zawadi ya Krismasi ambayo hawakuifungua kwa kuwa mumewe hali samaki. Kopo zima, limejaa, rangi haijachubuka. Olene alilipokea kwa mikono miwili. Alilitazama muda mrefu.

"Kulia," alisema.

Nikamwambia nilifungue kwa chini, nilisafishe, abaki na kifuniko. Hakutaka.

"Vitupu ninavyo vingi," alisema. "Liache na kitu ndani."

Akaliweka juu ya rafu, karibu na kitabu cha nyimbo. Miaka ikapita, na kila nilipoingia kunywa kahawa nililitazama kwa jicho la kazi. Nilijua pindo lile, pale kifuniko kinapokunjiwa kwenye kopo. Mashine ya kufunga ilikuwa imechakaa, tulidai ibadilishwe, Rosdahl akasema bado inazunguka. Mwaka mmoja nikaona kifuniko kimeanza kupanda katikati. Mwaka uliofuata kimepanda zaidi. Nyumbani kwetu hata mtoto anajua kopo lililovimba ni sumu: hutobolewa, huzikwa mbali na kisima.

"Olene, hilo limeharibika."

"Mtazame mashavu," alisema. "Alikufa amekonda. Sasa ananenepa."

"Ni hewa chafu hiyo, jirani. Litapasuka."

"Waliponichukulia yule aliyekuwa hai hamkunishauri kitu. Kunywa kahawa yako."

Nikanywa. Rangi ilikuwa imefanya nyufa ndogo kwenye kicheko, lakini kicheko kilikuwapo, na pengo kulia.

Olene alikufa majira ya kuchipua, kifua kilekile, ukungu uleule. Berta na mimi ndio tulioandaa jeneza. Mchungaji alipoona kopo kifuani mwa maiti akauliza kama si kufuru.

"Ni picha ya mwanawe," alisema Berta. "Wewe soma."

Akasoma. Rosdahl alituma shada la maua lenye utepe wa jina la kiwanda. Nikalishusha kaburini kwanza, chini kabisa, jeneza likaketi juu yake. Kisha tukarudisha udongo, nami nikaomba wenzangu wasiushindilie sana. Nalijua pindo lile, na najua lilivyokuwa limepanda. Halikuwa na wiki nyingi kabla ya kupasuka.