Korido ni ya Kupita

Leonidasi alipojenga nyumba yake pale Heru Juu alipima kila kitu isipokuwa mwili wake mwenyewe. Vyumba alivitoa vikubwa, sebule akaitoa kubwa, na kilichosalia kati ya mlango wa mbele na sebule, chembamba kama uchochoro wa paka, akakiita korido. Mkewe Ernesta alipouliza watapishana vipi humo, alijibiwa hivi: "Korido ni ya kupita, siyo ya kukaa. Tukikutana, mmoja arudi nyuma." Miaka yote aliyerudi nyuma alikuwa Ernesta, maana kumrudisha nyuma Leonidasi kulihitaji trekta.

Kitanda chao ndicho kilichotia fora. Kiligoma kukata kona, ikabidi fundi aingie na mbao zake akiunde humohumo chumbani. Kilizaliwa humo na kitafia humo. Sasa Ernesta alikilalia peke yake, upande wa ukutani, kama vile mwenye upande wa pili katoka kidogo kufunga mbuzi na hana haraka ya kurudi.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wamzike Leonidasi. Watu wa matanga walikuwa wamemaliza machozi yao na sukari yake, wakaenda zao. Mdogo wa marehemu alikuja baadaye kuchukua baiskeli. "Isije ikaliwa na kutu bure, shemeji," alisema, akaipanda akaondoka nayo, kengele ikilia njia nzima kama inaomba msaada.

Baiskeli hiyo ilikuwa na historia yake. Kila jioni Leonidasi aliiegemeza kwenye ukuta wa kushoto wa korido, katikati ya milango ya vyumba, kwa kuwa majirani zake aliwaamini wote, lakini mchana tu. Ili apite ilibidi ajibane na ukuta wa kulia, ambao haukuwa na mlango hata mmoja. Akitoka anajibana, akirudi anajibana. Bega lake, pamoja na lile koti zito la baridi za asubuhi, likailamba chokaa mwaka baada ya mwaka mpaka ukutani kukatokea mstari wa kahawia, mpana kama kiganja, laini katikati na wenye mikwaruzo ya vifungo pembeni. Ulianzia mlango wa mbele ukaishia sebuleni.

Enzi za uhai wa mumewe, Ernesta aliugombeza mstari ule mpaka sauti ikamkauka. Siku hizi kila asubuhi aliunyooshea mkono, akauwekea kiganja na kuuamkia kwa Kiha, "Mwakeye." Ukuta haukuitikia. Lakini hata Leonidasi mwenyewe, kabla ya chai, hakuwa mtu wa kuitikia.

Kilichomshangaza ni jinsi nyumba ilivyokua. Baiskeli moja tu imetoka, na korido imekuwa pana kama barabara ya kwenda Kasulu mjini. Anapita katikati, hagusi kulia, hagusi kushoto.

Wiki hiyo simu iliita. Ni Herieth, binti yake wa pekee, mwalimu huko Kibondo.

"Mama, Jumamosi wanakuja. Baba yake Reverien na wazee wengine wawili. Wanaleta posa."

"Karibuni. Nitachinja."

"Kuchinja sina wasiwasi nako. Wasiwasi wangu ni korido. Wakwe zangu wapite kwenye lile handaki? Nimekutumia mapambo kwa basi, nimeyafuma mwenyewe, Obedi atakuletea."

Obedi, kijana wa bodaboda, alifika na furushi kubwa kuliko pikipiki yake. Ernesta alilifungua palepale uani. Zikamwagika kamba nene za pamba, zimefungwa mafundo juu ya mafundo, mashada yananing'inia, vikapu vya kamba vimetuna kama matumbo ya mbuzi walioshiba.

"Mama Herieth, shikamoo tena," Obedi akasema. "Huu wavu ni wa nini? Migebuka mnaivua kwenye mihogo siku hizi?"

"Ni mapambo, wewe. Yanaitwa makrame."

"Karamu? Mimi Jumamosi nipo, mama, wala usihangaike kunialika."

Ernesta alicheka, Obedi akaondoka, na kicheko kikaishia na mlio wa pikipiki. Akabaki na zile kamba mapajani, anayapapasa mafundo. Yalikuwa mengi mno. Mtu hafungi mafundo mengi namna hii kama jioni ana wa kuongea naye. Hakuwa amejua kwamba Kibondo nako kuna jioni za aina hiyo.

Usiku huo Herieth alipiga tena, amejaa maelekezo. "Alhamisi anakuja fundi Pasikali kupaka rangi. Kuta zote mbili, nyeupe. Halafu ukuta mmoja uwe na mguso."

"Mguso ndiyo nini?"

"Usiwe laini kama sahani, mama. Uwe na mkwaruzo, ukiupapasa uhisi kitu. Pasikali atachanganya mchanga kwenye rangi."

Ernesta alifungua mdomo. Angesemaje? Mwanangu, usipake ukuta, baba yako yupo pale? Herieth angepanda basi alfajiri ampeleke hospitali ya Kabanga akapimwe akili.

"Sawa," akasema.

Alhamisi Pasikali alikuja na ndoo zake, kofia ya gazeti kichwani. Ernesta alimwanzishia ukuta wa kushoto. Ulipokwisha akampa chai. Chai ilipokwisha akampa ugali wa muhogo na maharage. Ugali ulipokwisha akamuuliza habari za mkewe, za watoto, za mbuzi wake, za mbuzi wa jirani yake.

"Mama, wewe una lako jambo," Pasikali akasema, akasimama mbele ya ukuta wa kulia. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua mstari. "Hee! Hapa mafuta yanatosha kukaanga dagaa. Bila msasa rangi haishiki." Akatoa msasa, akakwangua mara moja, mbili. Vumbi la kahawia likadondoka sakafuni.

"Acha!"

Walishtuka wote wawili, na aliyeshtuka zaidi ni mwenye sauti.

"Bosi kasema kuta zote, mama."

"Bosi kasema ukuta mmoja uwe na mguso. Hakusema?"

"Kasema. Mchanga wa mguso ninao kwenye ndoo."

"Papasa hapo."

Pasikali akapapasa.

"Unahisi nini?"

"Nahisi uchafu, mama."

"Basi umehisi kitu. Kazi imekwisha."

Pasikali alikusanya ndoo zake taratibu kama anayeondoka kwa mgonjwa aliyelala. "Herieth akiuliza," alisema mlangoni, "mimi sipo. Nimehamia Mpanda."

Herieth aliuliza. Alishuka kwenye basi Ijumaa mchana, akafungua mlango wa mbele, mkoba ukamdondoka.

"Mama! Ukuta mmoja unang'aa kama meno ya kwenye tangazo, mwingine kama mgongo wa gari la mkaa!"

"Ndiyo mguso."

"Mguso gani? Mama, huu siyo mguso. Hii ni nongo!"

Kabla Ernesta hajajibu, binti alikuwa ameshapita mbio jikoni, amerudi na tambara linalovuja maji ya sabuni, amejinyoosha kuufikia mstari. Alisugua mara moja. Mara ya pili mama yake akamshika kiwiko.

"Ni nongo," Ernesta akakubali. "Ya baba yako."

Tambara likabaki hewani, maji yanatona kwenye kiatu cha Herieth, kiatu kipya cha posa. Aliangalia mstari. Akaangalia ukuta wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akasogea akaweka bega lake ukutani, na mstari ukampita juu ya sikio.

"Baiskeli ilikuwa inakaa hapa," akasema.

"Ilikuwa inakaa."

"Baba mdogo alipokuja kuichukua, ulisemaje?"

"Ningesema nini? Kutu ni kutu."

Herieth akapiga magoti akaanza kufuta sakafu, ingawa sakafu ilikuwa safi. Aliifuta kwa muda mrefu, kichwa chini. Ernesta alimwacha. Kulia umeinama kuna heshima yake, na isitoshe mapovu hayaulizi maji mengine yametoka wapi.

Jioni walitundika makrame. Herieth alitaka kuyaweka sebuleni, mama yake akakataa: ukuta wa kushoto, katikati ya milango, usawa wa usukani.

"Vikapu vimetuna, mama. Watu watabanwa."

"Wabanwe."

Jumamosi wakabanwa kweli. Mzee Nduwayezu, baba yake Reverien, alikuwa mtu wa kimo na kitambi, suti yake nyeusi imenyooshwa mpaka inakata. Alipofika katikati ya korido kikapu kilimsukuma tumboni, bega likaenda ukutani, akapita upande upande huku koti likisaga mstari wote mpaka sebuleni.

"Mzazi mwenzangu," akasema akijikung'uta, "nyumba yako inasalimia kwa mabega!"

"Tuwie radhi, mzee," Ernesta akajibu. "Korido ni ya kupita, siyo ya kukaa."

Wazee wakacheka. Herieth, aliyekuwa ameshika sinia la soda, hakucheka. Alimtazama mama yake, kisha akaanza kugawa soda kwa kumrukia mtu wa kwanza.

Posa ilipokelewa, mbuzi akaliwa, hata Obedi akatokea kula karamu yake. Alasiri wageni wakaondoka, wakamchukua Herieth kwenye gari lao la kurudi Kibondo kwa sababu Jumatatu ana vipindi. Alitoka wa mwisho. Korido nzima alijibana na ukuta wa kulia, hata pale ambapo makrame hayafiki na nafasi ipo tele.

"Nitapiga nikifika," alisema.

"Piga."

Gari likashuka barabarani, vumbi jekundu likasimama kidogo, likakaa. Ernesta alifunga mlango. Sebuleni viti vilikuwa bado vimegeukiana kama vinaendelea na mazungumzo. Akaanza kupita. Kikapu kikamgusa bega la kushoto, akasogea, ukuta ukamgusa la kulia. Mstari wa Leonidasi ulipita juu ya kilemba chake, na penye alama ya msasa palikuwa peupe kama kovu. Chini yake, usawa wa bega la mwanamke mfupi, ukuta ulikuwa bado msafi, haujaanza kuandikwa kitu.

"Mwidiwe," akasema, kwa kuwa asubuhi ilishapita.

Akafika sebuleni, akavitazama vile viti. Korido ni ya kupita. Akageuka, akapita tena.