Maboma Mawili ya Itengula

Kijiji cha Itengula, huko milimani Ileje, kilitaka zahanati moja kikajenga mbili. Usicheke. Hata kwenu yapo ya namna hiyo, ila hayajapata msimuliaji.

Ilikuwa hivi. Utaratibu wa huku kwetu unajulikana: wananchi wanaanza kwa nguvu zao, wanafyatua matofali, wanayachoma, wanapandisha boma mpaka usawa wa lenta, juu ya madirisha. Hapo ndipo halmashauri inakuja na bati, milango na nesi. Basi watu wa kitongoji cha Kilimani wakajenga boma lao juu kabisa, karibu na kanisa, ili hata mpita njia wa mbali alione na kusema, "Aisee, hawa wameendelea." Watu wa kitongoji cha Bondeni kusikia hivyo, roho zikawauma. Nao wakapandisha la kwao kando ya barabara. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao ndio wenye kauli ya mwisho, hakuna aliyeuuliza. Masika mawili yakapita, maboma yote yakanyeshewa, na mbuzi wakapata pa kulala.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Ferista, mama wa kahawa na maharage. Katika uchaguzi hakuahidi lami wala taa za barabarani. Aliahidi jambo moja tu, kwamba zahanati itaezekwa, na kwa ahadi hiyo wakampa kura. Sasa kila alipokwenda kisimani aliulizwa habari za bati kabla ya kuulizwa habari za nyumbani.

Siku moja asubuhi diwani wao, Osward, akamfuata shambani.

"Mama Ipyana, kamati ya maendeleo ya kata inakaa kesho. Nataka jina la jengo moja. Likitoka kwenye kata linakwenda baraza la madiwani, na bajeti ikishafungwa, imefungwa. Nikipeleka mawili, wenzangu watanicheka na bati litakwenda kijiji kingine. Mtaka yote hukosa yote."

"Si wewe ndiye diwani? Chagua."

"Nichague mimi, halafu nusu ya kijiji waseme nimehongwa? Mimi nabeba neno lenu, silitungi."

"Basi tumwone mkuu wa wilaya."

"Atawasukuma, ndiyo, lakini yeye ameteuliwa. Hapigi kura kwenye baraza letu. Itisha mkutano, mama, leo hii."

Akauitisha. Na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kinara wa boma la Kilimani hakuwa mwingine ila mumewe mwenyewe, mzee Yonathani. Matofali mengi aliyachoma yeye, kwa kuni zake.

"Baba Ipyana," alimwambia mchana, "leo mimi ni mwenyekiti. Sitakuwa na upande."

"Huna upande, na unalala Kilimani!" Mzee akachekea puani, akavaa koti lake la ibada.

Ferista ukweli alikuwa anaujua. Alijua boma la Bondeni ndilo lililokaa mahali pake. Lakini mwenyekiti anaongoza mkutano, hausukumi. Tena angethubutu kulisema, watu wangesema mwanamke ametoka kwake kuja kumwangusha mume hadharani. Akaumeza ukweli wake kama kidonge kichungu.

Alasiri uwanja wa shule ulijaa, watu na masweta yao. Akidi ikatimia, Ferista akafungua mkutano, na ugomvi ukaanza pale pale. Yonathani alisimama akaongea vizuri, hilo hatumnyimi.

"Zahanati ni kitu cha heshima," alisema. "Itakaaje chini kwenye tope? Jumba la heshima hukaa juu!"

Kilimani wakapiga makofi. Bondeni wakazomea. Mmoja wao akaapa kwamba likipita la Kilimani, yeye hatabeba hata ndoo moja ya mchanga maisha yake yote. Kwa hesabu ya vichwa Kilimani walikuwa wengi, kila mtu aliliona hilo. Ferista alijua kura ikipigwa hivyo, kijiji kitapata bati na kupoteza nusu ya watu wake.

Ndipo mkono ukanyanyuka huko nyuma kwa akina mama. Lahaula! Alikuwa Loisi, mke wa mwanawe Ipyana, tumbo la miezi minane mbele yake.

Minong'ono ikazagaa. Katika ukoo wa Yonathani, mkwe wa kike hasemi mbele ya baba mkwe. Akimwona njiani anaiacha njia, anajibanza kwenye majani mpaka mzee apite. Loisi alikuwa amekaa nyumbani kwao tangu aolewe, na mzee sauti yake alikuwa akiisikia kwa mbali tu, akiimba jikoni.

Mtendaji wa kijiji, kijana Watson, akamwinamia Ferista. "Mwenyekiti, kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema hapa. Ndiyo sheria."

"Sheria naijua," Ferista alimjibu. "Na mila pia naijua."

Akimnyima nafasi, amemwibia haki yake. Akimpa, amemvua mumewe nguo mbele ya vitongoji viwili. Akamtazama Yonathani. Mzee alikuwa ameshauona ule mkono. Akainuka, na watu wakajua huyo anaondoka kwa hasira. Wapi! Alikamata kiti chake, akakigeuza kikatazama mlima, akakaa akiwapa mgongo wote.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi hapa sipo. Endelea na mkutano."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ferista alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akajikohoza, akasema, "Sema, mama."

Loisi alisema akitazama chini.

"Mimi ni wa Kilimani. Uchungu ukinishika, kuteremka nitaweza, hata kwa kutambaa. Dada zangu wa Bondeni watapandaje? Mvua ikinyesha hata bodaboda inagoma. Sisi tutashuka na matumbo, tutapanda na watoto. Na kupanda ukiwa na mtoto mkononi, nani atalalamika?" Akakaa upesi, akajifunika uso kwa khanga.

"Ndaga, mwanangu!" bibi mmoja akashukuru kwa sauti, na bibi huyo alikuwa wa Kilimani.

Ferista akaita kura. Wanaotaka Kilimani? Mikono ikanyanyuka, ya wanaume zaidi, na mmoja kutoka kwenye kile kiti kilichogeuka.

"Mzee, si ulisema hupo?" mtu akamtania.

"Macho ndiyo hayapo. Mkono upo!"

Wanaotaka Bondeni? Bondeni wote wakanyanyua, kisha akina mama wa Kilimani mmoja mmoja, huku waume zao wakiwatazama wasiamini. Hesabu haikuhitaji kurudiwa, Bondeni imepita. Yule aliyeapa habari za mchanga akavuka uwanja kwenda kuwapa mkono watu wa Kilimani, na ndipo Ferista alipovuta pumzi.

Watson alikuwa akiandika muhtasari wa kupeleka kwa diwani. Alikuwa mgeni, hajajua watu. "Mtoa hoja anaitwa nani?" akauliza. "Nimeandika mke wa Ipyana, lakini nahitaji jina lake."

Kabla Ferista hajafungua kinywa, sauti ikatoka upande wa mlima.

"Loisi. Andika Loisi binti Rabson, uandike vizuri lisomeke mpaka halmashauri. Na mimi Yonathani nimempinga. Hilo nalo liandike."

Ferista akafunga mkutano. Watu wakatawanyika kwa kelele na vicheko, lakini mzee alibaki kwenye kiti chake akitazama mlima. Hakukigeuza mpaka mkewe alipomshika bega na kumwambia kwamba mkwe ameshapita.