Kimea cha Mama Paulina

Fomu ya Frida, afisa wa afya, ilikuwa na maswali arobaini, na lililohitajika halikuwamo. Mnachemsha maji ya kunywa? Mama Paulina wa Mlabani alijibu ndiyo, na kweli alichemsha mpaka sufuria ikatoboka. Maziwa hawanywi. Mayai huyapika hadi yawe magumu. Lakini mwanawe Valentino, anayeishi na virusi vya UKIMWI, alikuwa amelazwa kwa mara ya tatu, na kila mara damu yake ilikutwa na bakteria walewale, salmonela. Kinga yake ilikuwa imekwisha. Daktari alisema wakimrudia mara ya nne, hatoki.

Hakuna aliyeuliza kuhusu togwa, kinywaji cha uji mtamu. Hata Frida, mzaliwa wa Mngeta aliyekuzwa kwa togwa, hakuuliza, na hilo lilimkera kuliko yote. Uji hupikwa, sawa, lakini kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, hutiwa ndani yake ukishapoa. Ukikipika, togwa haipati utamu. Wiki iliyopita ndipo alipokikuta kimea cha Mama Paulina kimeanikwa uani, kuku wanakanyaga na kudonoa. Akachukua sampuli. Leo majibu yametoka: bakteria wa kimea na wa Valentino ni wamoja.

Alimkuta mama kwenye korido ya hospitali, kidumu cha togwa mkononi. Tangu ndugu zake Valentino wasikie habari zake, walimtengea kikombe chake, wasichangie naye. Mama peke yake ndiye aliyekunywa naye togwa kikombe kimoja, tena makusudi, watu waone.

Frida akamwamkia, akamweleza polepole. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo ni mimi.”

Frida akasema ni kuku. Mama alikwenda kumwaga togwa chooni, akakitupa na kidumu chenyewe, kisha akarudi kumshika Frida mkono.

“Usimwambie, mwanangu. Akijua, hatakula tena kitu cha mkono wangu.”

Frida akakubali, akajuta hapohapo.

Wodini, Valentino aliinua kichwa kwa shida, akauliza togwa yake iko wapi.

“Leo nimesahau,” mama akasema.

Hajawahi kusahau hata siku moja. Valentino aliitazama mikono ile mitupu, akamtazama na mwenye nayo.

“Hata wewe, mama,” akasema, akageukia ukutani.

Frida alifungua mdomo. Mama akamtikisia kichwa, anyamaze.