Dakika Nane za Mhudumu A

Kazi ile ya darasani ilinipa alama tisini na mbili. Pembeni mwalimu aliandika kwa wino mwekundu, "Huyu ni meneja wa kesho." Niliibusu karatasi. Nasema kweli, niliibusu mbele ya mwanangu, naye akanyoosha mikono aibusu pia. Ana miaka miwili na nusu. Kwetu kikibusiwa kitu chochote, lazima naye apewe zamu.

Ningeishia hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini nilitoa nakala, nikaitia kwenye jalada la plastiki, nikampelekea meneja wetu. Hakuniomba. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye nilitafuta sana mtu wa kumlaumu, nikamkosa.

Nafanya kazi mapokezi kwenye kampuni ya kukarabati majokofu: ya maduka, ya bucha, ya zahanati zinazohifadhi chanjo. Meza ya pili kutoka kwangu, nyuma ya kioo, anakaa Shangazi. Si shangazi yangu wa damu; ofisi nzima inamwita hivyo, hata meneja akijisahau. Mteja akipiga simu, anapokea yeye. Ndiye anayeamua fundi gani aende, na abebe kipuri gani. Ana miaka kumi na tisa kwenye kiti hicho.

Na ndiye aliyeniwezesha kusoma. Darasa la jioni linaanza saa kumi na moja na nusu, kazi inaisha saa kumi na mbili. Bila mtu wa kunishikia mapokezi, stashahada ya biashara ningeisikia redioni tu. Kila siku, saa kumi na moja kamili, Shangazi hugonga kioo kwa pete yake. "Nenda, mwanangu. Masikio ninayo mawili. Moja litasikiliza simu zangu, jingine mlango wako."

Muhula wa tatu tulipewa kazi: chagua shughuli moja unapofanyia kazi, ipime, onyesha namna ya kuiboresha. Mwalimu wetu, kijana mtanashati asiyejua kusimama mahali pamoja, alichora safu mbili ubaoni. Ya kushoto, kinachompa mteja thamani. Ya kulia, muda unaopotea. "Kusubiri ni kupoteza," alisema akigonga ile ya kulia. "Ukimkuta mtu ameshika simu sikioni, haongei, haandiki, usimwonee huruma. Mtie huku."

Nikamwomba Shangazi nikae naye nimpime. Alicheka, akavaa miwani, akajiweka sawa kama anayepigwa picha.

"Pima tu. Ila uniandike vizuri, bwana. Huyo mwalimu ajue huku watu wanafanya kazi."

"Kwani mimi naweza kukuandika vibaya, Shangazi?"

Jibu langu hilo bado linanijia nikiwa naosha vyombo.

Nilikaa naye asubuhi tatu, saa ya simu yangu ikihesabu sekunde. Mteja anapiga, friji halipozi. Shangazi anachukua jina na mahali. Kisha anasema, "Sogeza simu nyuma ya friji, chini kabisa, karibu na sakafu. Haya, sasa nyamaza." Anafumba macho. Anaziba sikio la pili kwa kiganja. Anasikiliza. Pengine anamwambia mteja azime, awashe tena, anasikiliza upya. Akifumbua macho anamgeukia fundi: "Beba feni ndogo, iliyopo inakwaruza." Au: "Hiyo gesi imevuja. Usiache mtungi."

Mimi niliandika hivi. Kuchukua maelezo, dakika mbili. Kumpangia fundi, dakika moja. Kusubiri kwenye simu, dakika nane. Zile nane nikazitia safu ya kulia. Sikumuuliza anasikia nini. Nilikuwa nahesabu.

Kwenye ripoti nilimwita Mhudumu A, maana tuliambiwa tusitaje watu. Nikapendekeza mteja ajaze fomu kwenye simu yake, kompyuta imtafute fundi aliye karibu. Kutoka dakika kumi na moja, tushuke chini ya moja. Sehemu hiyo niliiandika alfajiri, mwanangu amelala mapajani, na kila sentensi ilinitoka kama maji ya bomba. Nilijiona nimefika.

Shangazi aliniuliza mara tatu. "Ile kazi yetu imefikia wapi? Nataka niisome." Mara zote tatu nilimjibu, "Bado naisahihisha, Shangazi." Ilikuwa imeshasahihishwa, imeshapewa alama, na imeshalala mezani kwa meneja.

Alhamisi meneja akaniita.

"Kaa, kaa. Nimeisoma mara mbili. Hivi wewe tulikuweka mapokezi ufanye nini?"

Nilicheka, nikatazama viatu vyangu.

"Mfumo huu tunauchukua. Utausimamia wewe. Pale kwa Shangazi hatutahitaji mtu tena. Tutampumzisha kwa heshima zake zote, naye amechoka."

Shangazi hajachoka. Hata ngazi anapanda akiimba. Nilijua, na nilisema, "Sawa, bosi."

"Jumatatu utawaeleza wenzako. Mpaka hapo, tia kufuli mdomoni."

Nilitoka nikiwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: furaha ndiyo iliyotangulia. Aibu ilikuja nyuma yake ikichechemea, ikanikuta nimeshakaa mapokezi, na Shangazi ananiuliza kupitia kioo, "Amekuitia nini huyo? Amekugombeza?"

"Hapana, Shangazi. Mambo ya kazi tu."

"Akikugombeza niambie. Huyo alipoanza hapa alikuwa hajui hata kufunga mlango wa stoo."

Ijumaa nilikuwa na mtihani. Shangazi aligonga kioo saa kumi na nusu, mapema kuliko siku zote. "Toka sasa hivi, ukatulize kichwa. Mtihani haumsubiri mtu."

"Shangazi…"

"Nini tena?"

"Asante."

"Asante tia mfukoni. Nenda!"

Sikumbuki nilijibu nini kwenye mtihani ule. Nyumbani nilimsimulia mama yangu, anayenilelea mtoto nikiwa darasani. Alikuwa anakunja nguo za mjukuu wake, hakuinua macho.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Jumatatu atajua."

"Sikukuuliza atajua lini."

Nikamchukua mwanangu, nikamkumbatia mpaka akalalamika.

Jumatatu tulikuwa tisa kwenye chumba cha mikutano. Mafundi walikaa nyuma na maovaroli yao, kiongozi wao akiwa yule tunayemwita Nyundo, kwa kuwa akikushika mkono unatafuta barafu. Shangazi alikaa mbele kabisa. Alikuwa amevaa gauni lake la maua makubwa, lile la siku za maana, kwa sababu nilikuwa nimemwambia nitazungumza na hakutaka nizungumze peke yangu.

Nilianza vizuri. Sauti ilitoka. Projekta ikatupa jedwali langu ukutani, na pale juu, kwa herufi nene: Mhudumu A.

"Mhudumu A ndiye nani?" Shangazi aliuliza. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kuelewa, aweze kunifuata.

Kiyoyozi kilinguruma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni wewe, Shangazi."

"Ahaa." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Akasoma ukuta taratibu, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. "Na hizo dakika nane zilizopotea, ni zile za kusikiliza?"

"Ndiyo."

"Ahaa," akasema tena.

Meneja akaingilia haraka, akaeleza mfumo mpya, fomu, kompyuta, na kwamba ile meza itafungwa mwisho wa mwezi. Hakumtazama Shangazi hata mara moja. Huku nyuma Nyundo akanyoosha mkono.

"Samahani. Hiyo kompyuta itaniambia nibebe kipuri gani?"

"Utafika, utakagua, utarudi kuchukua," meneja akajibu.

"Kwa hiyo nenda rudi ni zangu. Na chanjo za watu zinaharibika nikiwa njiani." Akanigeukia. "Wewe dada msomi, hebu nijibu. Shangazi alipolazwa zile wiki mbili, tulirudi stoo mara ngapi kwa siku? Uliandika hilo?"

Meneja akaniangalia. "Mtaalamu wetu, mjibu."

Jibu nilikuwa nalo. Nilifundishwa, nikalikariri, na likatoka kabla sijalizuia: "Suala hilo liko nje ya mipaka ya utafiti huu."

Nyundo alipiga mluzi. "Shukrani ya punda, mateke!" Mafundi wakacheka, kicheko kile kisicho na raha ndani yake.

"Nyamazeni!" Alikuwa Shangazi. Amegeuka kwenye kiti chake, amewakazia macho. "Mtoto amesoma, ametumwa kazi, ameifanya. Mnamcheka nini? Nani kati yenu amewahi kukaa darasani baada ya kazi?" Kisha akanigeukia, na Mungu wangu, akaanza kunipigia makofi. Peke yake. Viganja viwili katika chumba kizima.

Afadhali angenitukana.

"Bosi," nikasema, "nimekosea."

"Takwimu si sahihi?"

"Takwimu ni sahihi. Ila nimeziweka safu isiyo yake. Zile dakika nane ndiyo kazi yenyewe. Nilikaa pembeni yake siku tatu na sikumuuliza anasikia nini. Fundi anatoka hapa na kipuri sahihi kwa sababu yake. Nililiona kwa macho yangu, sikuliandika, kwa sababu lingeharibu jedwali."

Hii sehemu ya mwisho sikuwa nimekusudia kuisema. Ilitoka yenyewe, na ilipotoka nikajua ndiyo kweli.

Meneja alizima projekta. "Tutaongea ofisini."

Ofisini hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Uliniletea mwenyewe. Sikukuomba. Sasa umenifanya mjinga mbele ya mafundi." Akazungusha kalamu mezani. "Miezi mitatu. Mfumo utafanya kazi, na yeye atafanya kazi, tuone fundi gani anarudi mara ngapi. Hesabu hiyo utaifanya wewe, na safari hii uifanye yote. Ile nafasi ya kusimamia mfumo, tuisahau kwanza."

"Sawa, bosi," nikasema. Maneno yale yale ya Alhamisi.

Saa ya chakula nilichukua nakala yangu, ile yenye wino mwekundu, ndani ya jalada lake, nikaenda nyuma ya kioo. Shangazi alikuwa anakula polepole, simu ameilaza kifudifudi kando. Niliweka karatasi mbele yake.

"Uliomba kuisoma."

"Mara tatu," akasema.

"Mara tatu."

Alisukuma chakula kando, akafuta mikono, akaisoma. Kurasa kumi na nne. Sikuwa na pa kuweka macho; niliyaweka kwenye kidole chake kilichokuwa kinafuata mistari. Hakuruka hata maelezo ya chini ya picha. Ukurasa wa tisa, kidole kikasimama.

"Hapa umeandika dakika nane."

"Ndiyo."

"Kwa kawaida ni nne. Zile siku nilikuwa nachelewesha. Nilikuwa nawaambia wazime, wawashe tena, hata nilipokuwa nimeshasikia. Nilitaka uone vizuri, upate cha kuandika."

Niliziba uso kwa mikono. Kwenye darasa letu hakuna aliyetuambia kwamba mtu akikupenda, anaweza kukupunguzia kasi kwa makusudi ili ujifunze, nawe ukampima kwa kasi hiyohiyo.

"Shangazi, nisamehe."

"Ngoja nimalize." Akageuza ukurasa. Akasoma mpaka mwisho, mpaka jina langu na namba yangu ya usajili. Akarudi mwanzo, akaangalia alama, akaangalia ule wino mwekundu. "Mwalimu amekupenda."

"Hajui alichokipenda."

"Sijakasirika kuhusu safu," akasema. "Safu ni za darasani, hazinijui. Nimekasirika kwamba ulinitazama usoni ukasema unaisahihisha. Mara tatu. Hiyo itachukua muda, mwanangu. Nisikudanganye."

"Najua."

"Hujui. Utajua." Alizipanga karatasi, akazigonga mezani zikae sawa, akazirudisha kwenye jalada. Nikanyoosha mkono kuzichukua. Hakunipa.

"Niachie. Nataka kumpelekea binti yangu mkubwa. Miaka yote ananiuliza, mama, hasa huwa unafanya nini huko? Namwambia napokea simu, anasema kumbe kupokea simu tu. Hapa kuna kila kitu. Sogeza simu nyuma, nyamaza, sikiliza. Hakuna mtu aliyewahi kuniandika."

Nikaushika mkoba wake.

"Usimpe hiyo, Shangazi. Nitaandika nyingine. Nitakaa nawe upya, nikuulize kila kitu. Iliyo sahihi."

"Andika," akasema, akilitia jalada ndani ya mkoba wake na kuvuta zipu. "Nitaisoma. Lakini hii nayo naichukua."