Kicheko Kwenye Ngazi za Umeme

Suzana Shimba hakuwa mtu wa kushangaa taa za mjini. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa muuguzi mkunga kwenye zahanati moja ya upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, na kazi hiyo aliisomea Mwanza mjini, binti yake Hellen akiwa hajazaliwa. Hata baada ya kustaafu, watu wa kule waliendelea kumwita Sista. Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu: goti la kulia. Aliliumiza siku pikipiki ilipoteleza akipeleka chanjo kwenye mvua, na tangu hapo goti likawa linakunjika pale linapotaka lenyewe.

Hellen alimpigia simu katikati ya juma. Alikuwa amepandishwa cheo kwenye kampuni ya bima.

"Mama, Jumamosi vuka uje. Nakupeleka Plaza siku nzima. Tutakula, tutaangalia sinema, nikununulie na viatu."

Suzana akavuka na kivuko cha asubuhi, amevaa kitenge chake cha kijani na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Hellen alikuwa akimsubiri ng'ambo pamoja na Rose, mwenzake wa kazini.

"Shikamoo mama," alisema Rose, akipiga goti kidogo.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo?"

Hellen naye alimwamkia, lakini macho yake yalikuwa yameshaanza safari kutoka kwenye kilemba kushuka mpaka kwenye viatu. "Mama, kwa nini hukuvaa lile gauni nililokutumia?"

"Linanibana kwapani."

"Si ungevumilia siku moja tu jamani!"

Rose akageuka kuangalia ziwa. Suzana akaliacha lipite.

Plaza lilikuwa jengo la vioo la ghorofa tatu, lililofunguliwa mwaka uliopita. Mlangoni mlinzi mwanamke alifungua mkoba wa Suzana, akatoa kifurushi cha karanga. "Vyakula vya nje haviingii, mama."

Karanga hizo Suzana alizikaanga alfajiri kwa ajili ya Hellen. Alitaka kumwomba mlinzi amtunzie mpaka atakapotoka, lakini hakupewa nafasi. Hellen alikikwapua kile kifurushi na kukitupa juu ya meza ya mlinzi haraka haraka, kama mtu anayeficha nguo chafu wageni wanapoingia.

"Samahani dada. Hajui utaratibu."

Hajui utaratibu! Suzana, aliyefundisha wauguzi wachanga utaratibu mpaka akapoteza hesabu yao! Bado akachukua mkoba wake na kupita, kwa sababu Rose alikuwepo, na kwa sababu siku ilikuwa ya Hellen.

Walipofika kwenye ngazi za umeme alisimama. "Lifti iko wapi?"

"Mama, lifti iko kule nyuma kabisa. Hizi ni sekunde tu."

"Hellen, unalijua goti langu."

"Shika hapo pembeni, panda. Watu wanasubiri nyuma yetu."

Kweli watu walikuwa wanasubiri, na Hellen alikuwa ameshamwekea mkono mgongoni. Suzana akatanguliza mguu mzima. Ule mwingine ukakataa kufuata. Ngazi zikaachana chini yake, moja ikipanda na nyingine ikibaki, naye akakaa kitako kwa kishindo. Kitenge kilipanda juu ya mapaja. Kiatu kimoja kikaporomoka mpaka chini.

"Yesu wangu!"

Watu wakacheka, waliokuwa juu na waliokuwa chini. Kijana mmoja mwenye fulana ya njano ya Plaza alikuwa amesimama juu, simu yake ameifunga kwenye kijiti, anarekodi na kushangilia: "Bibi kaamua kukaa! Usafiri wa bure huu!"

Lakini katika vicheko vyote hivyo kimoja Suzana alikitambua, kwa sababu alikilea mwenyewe. Hellen, ngazi mbili chini yake, alikuwa ameziba mdomo na mabega yakimtikisika. Kisha akawageukia watu.

"Samahanini jamani. Mama yangu ametoka kijijini, hajazoea."

Aliyekimbilia kiatu alikuwa Rose. Rose ndiye aliyemshika kwapa akamwinua, na kumvutia kitenge chini.

Ghorofa ya tatu waliagiza kuku na chipsi. Suzana hakula. Aliisogeza sahani yake pembeni.

Simu ya Hellen ikaingiza ujumbe. Akaitazama, uso ukambadilika, akailaza kifudifudi.

"Nini?" aliuliza Suzana.

"Hakuna kitu mama."

"Hellen. Lete hiyo simu."

Ilikuwa video. Ukurasa wa Plaza wenyewe ndio ulioirusha, na juu yake wameandika: *Bibi wa kijijini akutana na ngazi za umeme! Njoo Plaza, kucheka ni bure.* Maelfu walikuwa wameshaitazama. Mapaja yake yalikuwa pale, mchana kweupe, na mwishoni ikasikika sauti ya mwanawe ikiwaeleza watu kwamba hajazoea.

"Itapita mama," alisema Hellen kwa sauti ndogo. "Mitandao ndiyo ilivyo. Kesho watamcheka mwingine."

Suzana akasimama. "Mimi kesho siisubiri."

Aliuliza ofisi ya meneja kwa mhudumu wa meza, akaenda akichechemea, hao wawili wakimfuata nyuma. Meneja alikuwa mwanamke wa Kihindi wa miaka thelathini na kitu, aitwaye Nisha, mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka. Aliinuka kwenye kiti.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba. Sitakaa. Nimeshakaa kwenye ngazi zenu, na dunia nzima imeona. Nataka mniondoe huko, na nione kwa macho yangu mkiniondoa."

Nisha alifungua ule ukurasa, akatazama mpaka mwisho, akaagiza kijana wa fulana ya njano aitwe. Jina lake Elias. Kazi yake ilikuwa kuitangaza Plaza mitandaoni. Aliingia akitabasamu.

"Bibi, haikuwa na nia mbaya. Watu wamefurahi sana. Tena umekuwa maarufu."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hapa ni mahali pa watu wote, bibi. Na tukiifuta sasa tunapoteza watazamaji wote hao. Labda meneja akupe kadi, uje ule bure mwezi mzima na familia."

Suzana alimsogelea mpaka kijana akarudi nyuma hatua moja.

"Nisikilize. Miaka thelathini na minne nimefanya kazi ya kuona watu katika hali mbaya kuliko ile yangu ya leo. Nimewaona uchi, wanalia, wanajisaidia kitandani, wanatukana waume zao na mama zao. Wake za wakubwa na wasio na waume. Nikikutana nao sokoni naamkiwa, naitika, basi. Hakuna hata mmoja ambaye siri yake nilimsimulia mtu, hata mume wangu hakuwahi kusikia. Wewe umeniona sekunde kumi, ukakimbia kuwaita watu waje waone mapaja yangu. Halafu unanipa chipsi?"

Tabasamu likamtoka Elias.

"Futa," alisema Nisha.

"Bosi, lakini..."

"Elias, futa sasa hivi. Mwonyeshe mama."

Akafuta. Suzana akavaa miwani kuhakikisha. Kisha akamgeukia meneja. "Na wewe, pale kwenye ngazi hakuna mtu wa kusaidia, na lifti mmeificha kama choo. Mwenye goti kama langu apite wapi?"

Nisha alikiri kwamba hilo ni kosa, akaomba radhi, akasema Jumatatu ataweka kibao na mtu wa kusimama pale. Suzana hakumshukuru. Aliona hakuna cha kushukuru kwa mtu kutimiza wajibu wake. Wakiwa bado mlangoni Rose aliangalia simu yake na kusema polepole kwamba watu wengine wameshainakili ile video, inazunguka kwingine.

Nje, kwenye maegesho, Hellen alianza kulia. "Mama nisamehe. Yule kijana ni mpumbavu."

"Yule hanijui," alisema Suzana, na sasa alizungumza Kisukuma, kila neno likitoka zito. "Akinicheka, amemcheka bibi asiyemjua. Wewe unajua goti hili liliumia wapi. Ulikuwa na miaka saba, ulikuwa unanipashia maji ya kulikanda. Leo umewaomba radhi watu wasionijua kwa ajili yangu, kana kwamba mimi ni uchafu uliouleta kwenye viatu. Na kwa kosa lako mwenyewe, mbele ya watu wale umemwomba radhi nani?"

Hellen alitaka kumsindikiza mpaka kivukoni, Suzana akakataa. Rose ndiye aliyemsindikiza.

Wiki nzima Hellen alipiga simu na Suzana hakupokea. Alilima bustani kwa hasira, akagombana na muuza samaki, akamfokea hata jirani yake Paskazia aliyekuja kumpa pole. Siku ya nane Paskazia akarudi hivyo hivyo, akamwekea simu mbele ya uso.

"Soma, Sista, halafu ndiyo unifukuze."

Video ilikuwa ile ile, kwenye ukurasa mwingine. Chini yake, katikati ya matani, Hellen alikuwa ameandika kwa jina lake kamili: *Huyu ni mama yangu, Suzana Shimba, mkunga mstaafu. Goti liliumia akipeleka chanjo kwa watoto. Aliomba lifti, mimi nikamsukuma. Anayecheka pale nyuma ni mimi, na sauti inayosema hajazoea ni yangu. Kama mnataka wa kumcheka, nichekeni mimi.*

Na walikuwa wamemcheka kweli. Wengine wamemtukana vibaya, na bosi wake mpya alikuwa ameshaona. Suzana akasoma yote mara mbili, akampigia.

"Nimesoma."

"Mama..." alisema Hellen. "Umenisamehe?"

Suzana alijitafuta ndani. Hasira ilikuwa bado imekaa palepale, imepungua moto lakini haijahama.

"Bado," alisema. "Jumapili vuka uje tuongee. Na uje peke yako."