Kizibao cha Wifi

Foleni ilianzia mlangoni mwa darasa ikaishia kwenye vyoo, na jua lilikuwa limeshaanza ukatili wake. Mama Pacha wala halikumshughulisha. Macho yake yalikuwa ndani, kwenye kizibao cha njano alichovaa wifi yake, dada wa mumewe.

Ukarani wa kituo cha kura, kazi ya siku tatu tu. Tangazo lilisema waombe wasio na ajira waliomaliza sekondari. Mama Pacha, mwaka wa sita huu vyeti vyake viko chini ya godoro, aliandika barua mbili: yake, na ya wifi, maana mwandiko wa wifi ni makucha ya kuku. Wifi ndiye aliyeitwa. Wifi ana mtu ofisini, na mwenye nguvu mpishe.

Wivu ulimkaba. Kila wifi alipotundika kizibao kile ukutani, yeye alisukuma sahani kando. Akachukua kijitabu cha semina ya makarani, ambacho wifi mwenyewe hakukifungua hata siku moja, akakisoma mpaka akakikariri.

Ndiyo maana alipoikaribia meza aliliona kosa. Daftari la wapiga kura lilipangwa kwa majina ya ukoo. Wifi alikuwa akitafuta watu kwa jina la kwanza.

"Jina lako halimo, babu," wifi akamwambia mzee fundi viatu, aliyekuwa mbele ya Mama Pacha.

"Nilijiandikisha, mwanangu. Hapa hapa."

"Halimo. Pisha wenzako."

Neno moja lingetosha. Mama Pacha akalimeza. Acha aumbuke, wajue wamemweka nani. Moyo wake ulisuuzika, Mungu amsamehe. Mzee akatoka na fimbo yake.

Zamu ya Mama Pacha ikafika. Wifi akapekua, akapekua tena, jasho likamtoka.

"Halimo, wifi."

"Angalia kwa jina la ukoo. Ndivyo lilivyopangwa."

"Kuna nini hapo?" msimamizi wa kituo akauliza, macho kwenye simu.

"Mheshimiwa, kijitabu chenu kinasema..."

"Kwani wewe ni karani?"

"Hapana."

"Kumbe uliomba ukakosa, sasa umekuja kumfundisha aliyepata." Akamgeukia wifi. "Karani, jina limo au halimo?"

Wifi alimtazama Mama Pacha, akamtazama msimamizi. Vidole vyake vilikuwa vinachezea kifungo cha kizibao.

"Halimo," akasema.

Nje, fundi viatu alikuwa amekaa ngazini.

"Na wewe je?"

Mama Pacha akakificha kidole chake kisicho na wino. "Halikuonekana."

Mzee akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Mimi nilitaka kurudi nikagombane nao. Kumbe hata la msomi halimo, langu litatoka wapi?"

Mama Pacha akafungua mdomo. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, anawatazama. Mama Pacha akafumba mdomo.

Mzee akajikongoja kando ya foleni mpaka mwisho, huku akimwambia kila aliyemuuliza aende tu nyumbani, majina hayamo.