Uji wa Shangazi Zamda

Mwalimu Winifrida alikuwa na ugonjwa wake mmoja: kufundisha yasiyokuja kwenye mtihani. Siku hiyo, mwaka tisini na sita, aliwachorea kidato cha nne cha Kibiti mtoto mchanga, na pembeni mistari miwili inayopishana.

"Kila seli ina jeni zote, ila si zote zinazofanya kazi," alisema. "Mtoto akiwa tumboni, jeni moja humtengenezea damu. Akizaliwa, hiyo hunyamaza polepole, nyingine ikapokea kazi. Mtoto akirithi hiyo ya pili ikiwa na kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia, ana sikoseli, ugonjwa wa damu. Lakini mwanzoni hamtaiona, maana ile ya kwanza bado inamkinga."

"Mpaka lini, mwalimu?" aliuliza Sihaba.

"Miezi sita hivi. Vidole huanza kuvimba."

Sihaba akaketi. Alisikia baridi, na jua lile la Kibiti!

Kwao, mtoto akitimiza miezi sita, shangazi ndiye humwonjesha uji wa kwanza. Shangazi Zamda aliwaonjesha wadogo watatu wa Sihaba. Wote watatu wakavimba vidole, wote wakazikwa. Minong'ono ya uchawi ikaanza. Ndipo Sihaba, wakati huo mtoto wa miaka minane apendaye kusikilizwa, akasema alimwona shangazi akitia unga mweusi kwenye chungu. Hakuona kitu. Waswahili husema mdomo uliponza kichwa. Wake uliponza kichwa cha mwenzake. Zamda alifukuzwa, akaenda kufia Kiongoroni bila ndugu wa kumfumba macho.

Tangu hapo Sihaba husikia mwiko ukikwangua chungu katika jiko lisilo na mtu.

Alitoka shule mbio. Nyumbani kulikuwa na Kibwana, mtoto wa mwisho, ambaye mama aliapa hataonjeshwa uji na yeyote.

"Leo miezi saba, hajaonja hata tone," mama alimpokea kwa furaha. "Huyu tutabaki naye. Ila tangu asubuhi analia tu, meno hayo."

Sihaba alimfunua mtoto kiganja. Vidole vilikuwa vimetuna, vinang'aa.

Jikoni mwiko ukakwangua. Safari hii hakuziba masikio.

"Mbebe, mama, twende hospitali sasa hivi," alisema huku machozi yakimtoka. "Uji haukuwa na kitu. Mimi nilisema uongo."

Mama alimtazama, kisha akavitazama vile vidole vilivyovimba bila uji.

"Zamda," aliita, kwa sauti ya mtu anayeita aliye chumba cha pili.